Kamera ya Nyuklia Itafika Dodoma, Daktari Wake Atatoka Wapi?

Kila mazungumzo ya kuleta huduma kamili za saratani Dodoma yanapoibuka, swali huwa lilelile: mashine zinafika lini? Wanasiasa huuliza hivyo, waandishi huandika hivyo, na ndugu wa mgonjwa anayejiandaa kupanda treni kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, naye huuliza hivyohivyo. Ni swali la haki, ila linatangulia mahali pasipo pake. Tiba ya nyuklia ni fani inayompa mgonjwa dawa yenye mionzi kidogo ili ionekane saratani imejificha wapi, au mionzi mingi zaidi ili iuawe hapo ilipo. Katika fani hii mashine ndiyo rahisi kupata. Hununuliwa, husafirishwa, na mafundi wa kiwanda huifunga ndani ya wiki chache. Kazi ni kumpata daktari wa kuisimamia, na kazi kubwa zaidi ni kumwekea daktari huyo njia ya utumishi atakayoipita miaka thelathini bila kulazimika kuikimbia. Nasema Dodoma ianze na njia hiyo kabla ya kamera, na daktari huyo awe mtafiti tangu siku anayoripoti kazini. Ukanda huu wa kati una maji na magonjwa yake, na mtu anayesoma picha za hapa kwa vipimo vya Ulaya atawapa wagonjwa majibu ya uongo bila kujua.

Tuanze na jinsi kazi inavyokwenda, maana mkanganyiko mwingi unaanzia hapo. Katika eksirei na CT, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili kipande kwa kipande, mionzi hutoka kwenye mashine, hupita mwilini na kuacha kivuli cha umbo. Katika tiba ya nyuklia mionzi hutoka kwa mgonjwa mwenyewe. Anachomwa sindano ya dawa iliyofungamanishwa na elementi yenye mionzi. Dawa hiyo hufuata kazi ya mwili: huenda kwenye mfupa unaojijenga upya, kwenye tezi ya shingo, au kwenye seli za saratani zinazofakamia sukari. Kamera, iitwayo kamera ya gamma, hukaa nje ikipokea miale inayotoka. Kinachoonekana pale ni shughuli ya kiungo zaidi kuliko umbo lake. Ndiyo maana saratani ya tezi dume iliyoingia mifupani huweza kuonekana kwenye skani ya mifupa miezi kadhaa kabla ya eksirei, kwa kuwa eksirei ya kawaida husubiri mfupa upoteze kati ya theluthi na nusu ya madini yake mahali hapo ndipo ionyeshe kitu.

Dawa inayobeba sehemu kubwa ya skani hizi duniani ni teknetiamu-99m. Nusu-uhai wake, yaani muda ambao mionzi yake hupungua kwa nusu, ni saa 6, kwa hiyo haiwekwi stoo. Hutengenezwa hospitalini kila asubuhi kutoka kwenye jenereta. Neno hilo lisituchanganye na mashine ya kufua umeme. Hii ni silinda ndogo iliyozungushiwa madini mazito ya risasi, na ndani yake mna safu ya alumina iliyoishika molibdenamu-99. Molibdenamu hugeuka polepole kuwa teknetiamu. Maji ya chumvi yaliyotakaswa yakipitishwa, teknetiamu husombwa na molibdenamu hubaki. Wenye fani huita kazi hiyo kukamua, na mfugaji yeyote wa Bahi au Chamwino angeielewa papo hapo: ukishakamua, unasubiri karibu siku nzima kiwele kijae tena. Tatizo ni kwamba ng'ombe huyu huzeeka kwa kasi. Nusu-uhai wa molibdenamu ni saa 66. Jenereta yenye gigabekereli 10 (kipimo cha nguvu ya mionzi; moja ni megabekereli 1,000) Jumatatu asubuhi hubakiwa na takriban 3.6 Ijumaa, na Jumatatu inayofuata ina 1.7 tu. Skani moja ya mifupa hutaka megabekereli 500 hadi 740. Hivyo wagonjwa wa mifupa hupangwa mwanzoni mwa wiki, na wa tezi ya shingo, wanaotosheka na kiasi kidogo, huachiwa siku za mwisho. Ndege ikichelewesha mzigo kwa siku tatu, zaidi ya nusu ya ulicholipia imetoweka ukiwa bado unasubiri forodha.

Na mzigo huo hautoki kwenye viwanda vingi. Molibdenamu ya hospitali huzalishwa kwa kupasua urani ndani ya vinu vichache vya utafiti: Petten Uholanzi, BR2 Ubelgiji, Maria Poland, LVR-15 Jamhuri ya Cheki, OPAL Australia, na SAFARI-1 pale Pelindaba, Afrika Kusini. Mei 2009 kinu cha Chalk River, Kanada, kilivuja maji mazito kikafungwa hadi Agosti 2010, na katikati ya muda huo Petten nayo ikasimama kwa matengenezo. Hospitali za nchi tajiri zilifuta miadi ya wagonjwa. Nalitaja hili kwa sababu Dodoma neno nyuklia huwapeleka watu moja kwa moja kwenye urani ya Bahi na Manyoni. Wako wanaoogopa kwamba hospitali itachafua maji, na wako wanaodhani madini yakiwa karibu basi dawa itakuwa rahisi. Wote wanakosea. Kati ya mwamba wa Manyoni na sindano ya teknetiamu kuna urutubishaji, kinu na kiwanda cha kemia, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo tulicho nacho. Mgonjwa aliyepigwa skani ya mifupa hupata kipimo cha milisivati 4 hivi, na saa 24 baada ya sindano mionzi ya dawa hiyo imebaki sehemu moja ya kumi na sita, bila kuhesabu ile iliyotoka kwa mkojo.

Sasa tuangalie yanayoharibika, kwa sababu hapo ndipo mtu anapoona kazi ya daktari huyu. Chukua kichupa kimoja tu cha unga wa MDP, dawa ya skani ya mifupa. Ndani yake mna chumvi ya bati ambayo kazi yake ni kuifanya teknetiamu ishikamane na dawa. Anayechanganya akisukumia hewa ndani ya kichupa kwa bomba la sindano, oksijeni huiharibu bati, teknetiamu hubaki huru, kisha huenda kwenye tumbo na tezi ya shingo badala ya mifupani. Kulijua hilo mapema kunahitaji ukanda wa karatasi maalumu, tone moja la dawa na dakika chache. Usafi usipofika asilimia 95, dawa haichomwi. Molibdenamu ikivuja pamoja na teknetiamu, kikomo ni kilobekereli 0.15 kwa kila megabekereli 1, na hupimwa kila jenereta inapokamuliwa. Sindano ikimwagika nje ya mshipa, limfu huibeba dawa hadi kwapani, na hapo hujitokeza doa linalong'aa ambalo msomaji mgeni ataliita saratani. Mgonjwa asipokojoa kabla ya picha, kibofu kilichojaa dawa huifunika nyonga, na nyonga ndiyo mojawapo ya sehemu ambazo saratani ya tezi dume huzivamia mapema.

Kamera yenyewe ina udhaifu ambao Dodoma inapaswa kuuogopa. Kiini chake ni kioo kipana cha sodiamu iodidi, unene wake haufiki sentimita 1 kwa kamera nyingi. Kioo hicho hunyonya unyevu, na hupasuka joto la chumba likipanda au kushuka kwa kasi. Kikomo huwa nyuzi chache tu kwa saa. Umeme ukikatika saa nane mchana mwezi wa Novemba, chumba kikapata moto, kisha umeme ukarudi na kiyoyozi kikapuliza kwa nguvu zote juu ya kioo, hapo ndipo hasara hutokea. Ufa hauzibwi. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, kamera huwekewa chanzo bapa cha kobalti-57 na kutazamwa kama inaona usawa kila upande. Bomba moja la kukuza mwanga likidhoofika, hutokea duara jeusi kwenye picha, na duara hilo likiangukia kwenye uti wa mgongo, linaweza kuficha donda la kweli.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu yanaijibu hoja dhaifu kuliko zote zinazosikika: kwamba mtaalamu wa radiolojia akipewa kozi ya wiki chache kutoka kwa muuza mashine anatosha, au kwamba picha zitumwe nje kwa mtandao zikasomwe huko na majibu yarudi jioni. Sina neno na wataalamu wa radiolojia. Wengi ni hodari, na skani za leo zinazounganisha kamera na CT haziwezi kusomwa vizuri bila wao. Ila ubora wa picha ya nyuklia huamuliwa kabla picha haijapigwa, kwenye kichupa, kwenye mshipa, kwenye glasi ya maji aliyokunywa au hakunywa mgonjwa. Msomaji aliyeko Mumbai hawezi kumfunua mgonjwa mkono kuona sindano ilimwagika wapi. Isitoshe, daktari wa tiba ya nyuklia hatoi picha tu. Humpa mgonjwa wa saratani ya tezi ya shingo iodini-131 kiasi cha gigabekereli 3.7 au zaidi, dawa ambayo nusu-uhai wake ni siku 8. Kabla ya hapo huhakikisha homoni ya TSH, inayoichochea tezi, imepanda zaidi ya 30, mgonjwa ameacha vyakula vyenye madini joto kwa wiki moja au mbili, na hakupigwa CT ya dawa ya iodini katika wiki chache zilizopita, maana mojawapo likikosewa seli za tezi hazitaifyonza vya kutosha iodini ya mionzi. Mgonjwa hukaa chumba cha peke yake chenye choo chake, na maji ya choo hicho huhifadhiwa kwenye matangi hadi mionzi ipungue. Ukitaka kusubiri nusu-uhai kumi, hiyo ni siku 80. Hayo si maarifa ya kozi ya wiki chache.

Ipo hoja nzito zaidi, na inastahili kusikilizwa. Wanaoitoa husema: mkoa ambao majibu ya patholojia, yaani uchunguzi wa kipande cha uvimbe maabara, bado huchelewa, ambao mwanamke mwenye saratani ya shingo ya kizazi hufika hospitali akiwa hatua ya tatu au ya nne, una haja gani na teknetiamu? Wanasema kweli: patholojia, mionzi tiba na dawa za maumivu vinatangulia. Nisingepunguza shilingi moja kwenye fungu la patholojia ili kununua jenereta. Lakini hizi huduma hazishindani kama inavyodhaniwa. Mwanaume ambaye PSA yake, kipimo cha damu cha tezi dume, iko juu sana na anayetarajia kuondolewa tezi dume anahitaji mtu wa kumwambia kama mifupa tayari imeingiliwa, kwa sababu ikiwa imeingiliwa, upasuaji huo hautamponya, utamwachia kidonda tu. Mama mwenye maumivu ya mgongo baada ya saratani ya titi anahitaji kujua ni pingili ipi ipigwe mionzi kabla haijavunjika na kuubana uti wa mgongo. Mionzi tiba ikijengwa bila skani ya mifupa, mashine ghali itakuwa ikilenga kwa kukisia.

Wengine husema treni imelimaliza tatizo. Tangu SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, mgonjwa hufika Ocean Road siku ileile. Kwa upande wa PET, skani ya nyuklia yenye kamera na dawa za aina nyingine, nakubaliana nao kabisa, na hesabu inawaunga mkono. PET hutumia zaidi FDG, sukari yenye florini-18, ambayo nusu-uhai wake ni dakika 110 na huzalishwa kwa saiklotroni, mashine ya kutengeneza elementi zenye mionzi. Dawa hiyo ikitoka Dar es Salaam kwa safari ya gari ya muda wa saa 6, hufika Dodoma ikiwa na asilimia 10 ya nguvu iliyotoka nayo. Kwa ndege, ukijumlisha uwanja na barabara ukapata saa 2 na nusu, hubaki asilimia 39. Mgonjwa husafiri vizuri zaidi kuliko dawa, basi kwa PET mgonjwa asafiri, na anayeahidi saiklotroni ya Dodoma leo anaahidi kitu ambacho idadi ya wagonjwa wa hapa haitakilipia. Ila hoja ya treni haifiki kwenye skani ya mifupa wala iodini. Anayetoka Iramba au Mpwapwa na maumivu ya nyonga bado ana basi kabla ya treni, na aliyemeza iodini-131 hapaswi kupanda behewa lililojaa watu na kukaa saa nne karibu na mtoto wa mwenzake.

Na hapa ndipo utafiti unapoingia, mahali ambapo wengi huuona kama pambo la nchi tajiri. Historia ya fani hii ni ya madaktari waliokuwa na swali kuhusu mgonjwa aliye mbele yao. Mwaka 1936 Saul Hertz, aliyeongoza kliniki ya tezi ya shingo katika Massachusetts General Hospital mjini Boston, alimuuliza mwanafizikia Karl Compton, rais wa chuo cha MIT, kama iodini inaweza kutengenezwa ikawa na mionzi. Alijua tezi hufyonza iodini. Alitaka kuifuata ndani. Mwaka 1941 alimpa mgonjwa wa kwanza iodini hiyo kama tiba. Agosti 1976 Abass Alavi, aliyesomea udaktari Tehran na kufanya kazi Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alikuwa wa kwanza kumchoma binadamu FDG. Dawa ilitengenezwa maabara ya Brookhaven jimboni New York ikaletwa Philadelphia kwa ndege, nusu-uhai ukihesabika njiani. Alavi na wenzake walikuwa wakitafuta picha ya ubongo. Saratani ilikuja baadaye, watafiti walipoona uvimbe nao unaifyonza sukari ileile. Na jirani yetu, Mike Sathekge wa Chuo Kikuu cha Pretoria, alitazama wanaume waliokuja na saratani ya tezi dume iliyosambaa, ambao hawajapata kemotherapi, akauliza kama wangeweza kutibiwa mapema kwa aktiniamu-225 iliyofungamanishwa na PSMA, molekuli inayoshikamana na seli za saratani hiyo. Mwaka 2019 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 17. Kwa wengi wao PSA ilishuka kwa asilimia 90 au zaidi, na waliandika pia madhara, mdomo kukauka ukiwa wa kwanza. Ulaya walikuwa wakiwapa dawa hiyo wagonjwa waliokwisha kuishiwa njia. Swali la Pretoria lilitoka kwenye foleni ya Pretoria.

Foleni ya Dodoma na Singida ina swali lake, na mimi naliona kuwa kubwa kuliko yote yaliyobaki katika makala hii. Visima vingi vya ukanda huu, hasa Singida, vina floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani hushauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita; kwa miaka mingi kiwango chetu kilivumilia hadi miligramu 4. Watu huyajua madhara yake kwa meno ya rangi ya kahawia, lakini floraidi huingia mifupani pia, huuchochea mfupa ujijenge, huufanya mnene na mgumu. Sasa kumbuka skani ya mifupa huonyesha nini: mfupa unaojijenga. Mzee wa miaka 68 aliyekunywa maji hayo tangu utotoni akichomwa MDP, mifupa yake yote inaweza kung'aa, uti wa mgongo, mbavu, maungio, hadi figo zikafifia kwa sababu mifupa imeichukua dawa karibu yote. Picha ya namna hiyo hufanana mno na ile inayotolewa na saratani ya tezi dume iliyotapakaa mifupa yote. Ongeza kwamba mzee huyo ana PSA iliyopanda kidogo kwa uvimbe wa kawaida wa uzee. Msomaji wa mbali ataandika saratani hatua ya nne. Mzee ataanzishiwa dawa za kuzima homoni, mifupa itazidi kudhoofika, familia itaanza kujiandaa kwa msiba, na hakuna atakayekuja kugundua kosa, kwa kuwa hata akiishi miaka kumi itasemwa dawa zimemsaidia.

Kuna njia za kuzitenganisha hali hizo mbili. Floraidi huelekea kusambaa kwa usawa na kushika hata maeneo ambapo kano hujishikiza kwenye mfupa. Saratani mara nyingi huwa na madoa yasiyolingana hata inapokuwa nyingi. CT ya sehemu husika huonyesha mfupa mnene wa floraidi na kano zilizogeuka mawe. Kipimo cha floraidi kwenye mkojo husaidia, na swali la mahali mgonjwa alikokulia husaidia zaidi. PSMA yenye teknetiamu, ambayo husomwa kwa kamera ileile ya gamma bila haja ya PET, ingeweza kusema seli za tezi dume zipo mfupani au hazipo. Lakini yote hayo ni kanuni za jumla. Mpaka uko wapi kwa mtu wa Singida? Mng'ao kiasi gani ni wa maji na kiasi gani ni wa ugonjwa? Jibu linahitaji daktari anayekusanya skani za wazee wa kijiji kwa kijiji, akaziweka pamoja na kipimo cha kisima, PSA na patholojia, akawafuatilia miaka mitano. Kifua kikuu kinaleta swali kama hilo kwenye PET: uvimbe wa TB hufyonza FDG kama saratani, na mgonjwa wa limfoma anayeishi na VVU anaweza kuhesabiwa kuwa dawa zimeshindwa kumbe mapafu yana kifua kikuu. Tiba na utafiti hapo ni kazi moja, hufanywa na mtu mmoja, asubuhi ileile.

Mtu huyo hupatikanaje? Miaka mitano ya shahada ya udaktari (MD), mwaka mmoja wa mafunzo kazini, usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa kawaida miaka miwili ya utumishi, kisha ubingwa wa tiba ya nyuklia, ambao Afrika Kusini huchukua miaka minne, kisha shahada ya uzamivu miaka mitatu au zaidi. Aliyeanza akiwa na miaka 20 anamaliza akikaribia 36. Hapo ndipo hofu ya watu kwamba tukiwasomesha watahama inapokuwa na maana, na siipuuzi. Lakini tutazame kinachomkuta akirudi. Hospitali humpandisha daktari kwa huduma na muda wa utumishi. Chuo kikuu humpandisha mhadhiri kwa machapisho. Akiajiriwa na hospitali, saa za kuandika hazimo kwenye ratiba yake. Akiajiriwa na chuo, kamera iko kwa mwajiri mwingine. Jenereta ikikosekana miezi miwili kwa sababu malipo ya msambazaji yamekwama, anakaa wodini akiandika dawa za shinikizo la damu. Mkataba wa kumlazimisha arudi humrudisha mwili tu. Wanaokaa, popote duniani, ni wale wenye dawa ya kuchoma, wagonjwa wa kufuatilia na wenzao wa kubishana nao.

Dodoma ina jambo ambalo miji mingi haina: Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyofunguliwa mwaka 2015 na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), kilichoanzishwa mwaka 2007, viko kilima kimoja. Ajira ya pamoja kati ya taasisi hizo mbili, yenye siku mbili za utafiti kwa wiki zilizoandikwa kwenye barua ya ajira, ni uamuzi wa utawala unaogharimu kidogo kuliko kiyoyozi cha chumba cha kamera. Pamoja na daktari huyo waandaliwe watu wawili wengine wanaosahaulika kila mara, mfamasia wa mionzi na mwanafizikia tiba, maana daktari akikamua jenereta mwenyewe, akajipimia usafi mwenyewe na kujisomea picha mwenyewe, hakuna jicho la pili. Maombi ya kibali yaanze mapema: leseni ya vyanzo vya mionzi kutoka Tume ya Nguvu za Atomu, kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kwa majaribio ya dawa mpya, kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Mkataba wa jenereta uwe wa mwaka mzima, malipo yakitangulia, siku ya kufika ikiwa Jumatatu. Na kabla ya kamera, kwa gharama ya daftari na simu ya mkononi, wanaume wenye tatizo la tezi dume wanaofika hospitali za Dodoma na Singida wangeweza kuanza kuulizwa swali moja la ziada: umekunywa maji ya kisima gani, na kwa miaka mingapi?

Kamera ya gamma hutumika miaka kumi hivi, ikitunzwa. Mwanafunzi aliye mwaka wa nne wa udaktari UDOM leo, akionyeshwa njia hii sasa na kila hatua ikaenda bila kukwama, atarudi akiwa bingwa baada ya miaka minane, na akiwa na uzamivu wake baada ya kumi na moja. Kamera ikisimikwa mwakani bila yeye kuanza safari, atakapofika ataikuta inangoja kubadilishwa, na skani za miaka kumi za wazee wa Singida zitakuwa zimekwisha kusomwa na kufungiwa kabatini.